Paka Mwenye Maradhi ya Sukari na Haki Yake Juu Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu tuliletewa suala na ndugu mmoja wa upande wa Kericho, na baadhi ya waliohudhuria walicheka walipolisikia. Nyumbani kwao yuko paka dume, mzee, mnene tangu zamani, ambaye katika miezi michache amekonda mpaka mbavu zahisika kwa mkono. Hula sana, wala hashibi. Hunywa maji mpaka bakuli likauka, kisha huenda akakojoa kila pembe ya nyumba, hata msala wa bibi wa nyumba hiyo haukusalimika. Daktari wa mifugo alipompima alisema ana maradhi ya sukari, yale yale ayajuayo bibi mwenyewe, kwani naye anayo. Hapo watu wa nyumba wakagawanyika. Mmoja asema paka anyimwe maji usiku ili asichafue nyumba. Wa pili asema apewe ugali mtupu wa wimbi, kama bibi alivyoambiwa hospitali. Wa tatu asema atiwe gunia akaachwe mbali katika mashamba ya chai, upande wa Bomet, ajitafutie. Wa nne asema apewe asali, kwa kuwa asali imetajwa katika Kur-ani kuwa ndani yake mna dawa. Ndugu yetu auliza: lipi katika haya ni halali?

Sisi hatukucheka. Katika maneno manne hayo, matatu yaweza kumwua mnyama huyo, na la kumtupa ni dhulma iliyo wazi. Na mwenye kumwua mnyama aliye mkononi mwake kwa kumnyima chakula au maji, khabari yake twaijua sote. Al-Bukhari na Muslim wameipokea Hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumnywesha alipokuwa amemzuia, wala hakumwacha akale vidudu vya ardhini. Tuyaangalie vizuri maneno hayo. Mwanamke yule hakutajwa kuwa alimpiga. Kosa lake ni kumzuia kiumbe na riziki yake, huku yeye akiwa ndiye mwenye kuushika mlango. Na paka wa nyumbani aliye mgonjwa, asiyeweza kuruka ukuta wala kukamata panya, huyo amefungiwa na maradhi yake hata kama mlango uko wazi.

Kabla hatujaendelea, yatupasa tuondoe uchafu mmoja. Watu wengi wakitaka kumsifu paka husema kuwa kumpenda paka ni katika imani, wakadai kuwa ni Hadithi. Wanavyuoni wa Hadithi wamesema kuwa ni maneno ya kuzuliwa. Na kile kisa cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, ijapokuwa kimeenea katika vinywa vya watu na sasa katika simu zao. Hatuna haja ya kumzulia Mtume uongo ili tuwahurumie wanyama. Yaliyo sahihi yatutosha.

Na katika yaliyo sahihi ni khabari ya Abu Katada, sahaba wa Mtume. Aliingia kwa mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab bin Malik, naye akammiminia maji ya kutawadha. Akaja paka akitaka kunywa, Abu Katada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akamtazama kwa kustaajabu; naye akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wameipokea Malik, Abu Daud na Tirmidhi. Mafakihi wameitumia khabari hii katika mlango wa tahara, wakatoa humo hukumu ya mabaki ya maji aliyokunywa paka. Sisi twaomba ndugu zetu waone na jambo jingine ndani yake: mtu mzima, sahaba, anayejitayarisha kwa ibada, akainamisha chombo. Hakungoja paka atafute njia yake ya kuyafikia maji.

Sasa na tuyaeleze maradhi yenyewe, kwani asiyeyajua hukumu yake haitakuwa sawa.

Chakula kikishameng'enywa tumboni hutoa sukari ikaingia katika damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia vizuri katika nyama za mwili ila kwa msaada wa insulini, ambayo hutoka katika kongosho. Insulini ikipungua, au mwili ukiwa hauitii, sukari hubaki katika damu ikazidi mpaka mafigo yashindwe kuizuia, ikatoka katika mkojo. Na sukari ikitoka hutoka na maji. Ndipo mgonjwa akojoe sana, na kwa kukojoa sana awe na kiu. Angalieni mpangilio huu, enyi ndugu: kiu imezaliwa na mkojo. Yule asemaye tumnyime maji ili asikojoe amekigeuza kichwa kuwa mkia. Akinyimwa maji, sukari itaendelea kumtoa maji mwilini vile vile, naye hana cha kurudishia. Ngozi ya shingo ikivutwa itakawia kurudi mahali pake, fizi zitakauka, na damu itakuwa nzito. Akifika hapo, saa zake huenda zikawa chache.

Kwa hiyo twasema bila ya kusitasita: kumnyima maji paka mwenye sukari ni haramu. Wala hatukulitoa neno hili katika huruma tu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amesema katika Minhaj kuwa ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Na kitabu hicho ndicho kilichosomeshwa katika madrasa za pwani yetu kwa vizazi na vizazi. Wa kabla yake kidogo, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu aliweka miongoni mwake kugharimiwa kwa mnyama hata akiwa ameshazeeka au ameugua kiasi cha kutopatikana tena manufaa kwake. Ni kama kwamba alimwona huyo paka wa Kericho, ambaye hawezi tena kumkamata hata panya mmoja katika ghala la mahindi.

Na huku kwetu udhuru wa maji haupo. Lau tungekuwa Wajir au Mandera wakati wa ukame, mtu angeweza kusema. Lakini nchi ya chai hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mito yake yashuka kutoka msitu wa Mau. Chombo kimoja cha maji safi chamgharimu nini mtu wa Kericho?

Kipimo chake ni hiki. Paka mzima wa kilo 4 huhitaji kwa siku kiasi cha mililita 200 za maji, yaani kama kikombe kimoja cha chai, na katika hayo huhesabiwa na maji yaliyomo ndani ya chakula chake. Akiwa anakunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku, basi huyo ni mgonjwa, na apelekwe akapimwe. Bibi wa nyumba aweza kupima kwa kikombe asubuhi na kutazama kilichobaki kesho yake. Akaandika katika karatasi. Karatasi hiyo itamfaa daktari kuliko maelezo marefu. Maji yakianza kupungua kidogo kidogo bila ya mtu kumnyima, na paka anakula na ana nguvu, hiyo ni dalili njema kuwa dawa inafanya kazi. Lakini yakipungua ghafula naye amelala tu, hiyo ni khatari.

Vyombo viwe zaidi ya kimoja, viwekwe mahali mbali mbali, vipana, vioshwe kila siku. Paka hapendi maji yaliyo karibu mno na chakula au na mahali pa haja yake. Tena kwa asili yake si mnywaji mkubwa: ukoo wake ni wa paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hupata sehemu kubwa ya maji yake katika windo. Mwili wa panya, sehemu kubwa ni maji. Kwa sababu hii chakula kikavu, kile cha punje kiuzwacho mifukoni, ambacho maji yake ni kama sehemu moja tu katika kumi, hakimfai sana mgonjwa huyu. Na chakula chenye majimaji, au nyama iliyochemshwa na mchuzi wake usio na chumvi wala kitunguu, ndicho bora kwake. Juu ya kitunguu twataka kusisitiza. Kitunguu maji na kitunguu thaumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya paka. Mabaki ya mchuzi wetu wa nyumbani, ambao haupikwi bila ya kitunguu, si sadaka kwake.

Tuje katika ugali. Hapa ndipo watu wema hukosea, nao wataka kheri. Bibi mwenye sukari ameambiwa apunguze ugali mweupe na ale wa wimbi au wa mahindi yasiyokobolewa, na maneno hayo ni sawa kwa mwanadamu. Lakini Mwenyezi Mungu hakuviumba viumbe vyote kwa tumbo moja. Ng'ombe wa Sotik hula nyasi akatupa maziwa. Mtu hula nafaka na nyama. Na paka ameumbwa mla nyama kabisa. Mate yake hayana kile kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga mdomoni kama yetu, na maini yake hayana uwezo kama wa maini yetu wa kuipokea sukari nyingi kwa mara moja. Ugali, uwe wa wimbi au wa mahindi, wali, mkate, viazi, vyote hivyo kwake ni kumwagia sukari juu ya sukari. Matabibu wa wanyama leo hushauri kuwa kwa paka mwenye maradhi haya sehemu itokanayo na wanga isizidi kama asilimia 12 ya nguvu yote ya chakula chake. Kwa hakika aweza kuishi bila ya ugali kabisa.

Na nani katika nchi yetu asiyemjua paka wa ugali na maziwa? Asubuhi, wachumaji wa chai hawajatoka, humwagiwa masalio ya chai ya maziwa yenye sukari. Mchana ugali. Jioni ugali na maziwa. Hashiki panya kwa kuwa hana njaa, hulala karibu na jiko kwa kuwa nchi ina baridi, akanenepa, na watu wakamsifu kuwa anatunzwa. Unene huo ni mmoja wa milango mikubwa ya maradhi haya, khasa kwa dume aliyehasiwa na aliyezeeka. Maziwa nayo, hata yasiyotiwa sukari, yana sukari yake ya asili, na paka wengi wakubwa matumbo yao hayaiwezi. Huwaharisha, na kuharisha ni kupoteza maji. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Twasema kuwa kumshibisha ni jambo moja, na kumlisha kwa maumbile yake ni jambo jingine.

Basi ale nini? Baadhi ya ndugu hudhani kuwa jibu letu litakuwa ni makopo yatokayo Ulaya, yanayouzwa katika maduka makubwa ya Nairobi kwa bei ya kilo ya nyama. Mwenye uwezo na atumie, si haramu, na makopo mengine yaliyotengenezwa kwa wenye sukari ni mazuri. Lakini dagaa, wanaoitwa huku omena, wanatoka Ziwa Viktoria na kufika katika masoko ya Kericho, Litein na Bomet, nao ni nyama tupu na mifupa yake. Waoshwe vizuri mchanga utoke, wachemshwe bila ya chumvi, wapewe pamoja na maji yao. Kuku aliyechemshwa, mayai yaliyopikwa, moyo wa ng'ombe au wa mbuzi, na maini kidogo mara chache, vyote vyafaa. Moyo tumeutaja kwa makusudi: paka ana haja ya kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wake hauwezi kujitengenezea cha kutosha, nacho kimo kwa wingi katika nyama ya moyo na katika samaki. Akikikosa kwa muda mrefu macho yake hupofuka na moyo wake hudhoofika. Kwa hiyo nyama nyeupe ya kuku peke yake, mwezi baada ya mwezi, haitoshi, na yafaa mpango wote wa chakula uonekane na daktari wa mifugo.

Tahadhari kubwa iko hapa, na twaomba isomwe mara mbili. Paka akiwa tayari anadungwa insulini, asibadilishwe chakula kwa ghafula bila ya daktari kujua. Ukiondoa ugali na maziwa leo, sukari ya damu itashuka; na ile insulini iliyopimwa kwa ajili ya paka wa ugali itakuwa nyingi mno kwa paka wa dagaa. Sukari ikishuka kupita kiasi, paka hulegea, hupepesuka kama mlevi, hutetemeka, hupatwa na kifafa, na aweza kufa. Vivyo hivyo siku asipokula, au akatapika alichokula, asidungwe kipimo kile kile kwa mazoea tu, bali daktari aulizwe kwanza. Wala asiachwe siku nzima bila ya kula kwa kudhani kuwa amefunga. Paka, khasa mnene, akikaa siku chache bila ya kula mafuta huingia katika maini yake yakamwua.

Na hapo ndipo mahali pa asali. Yule ndugu aliyesema paka apewe asali kila siku amezidisha maradhi kwa jina la dawa. Lakini paka mwenye sukari aliyeanza kupepesuka baada ya sindano, huyo apakwe asali kidogo juu ya fizi kwa kidole, bila ya kumiminiwa kooni asije akapaliwa, kisha akimbizwe kwa daktari. Asali ile ile, katika saa moja ni madhara, na katika saa nyingine ni uhai. Kur-ani imesema kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu, nasi twaamini. Wala haikusema kuwa ni dawa ya kila ugonjwa kwa kila kiumbe kwa kila kipimo. Mwenye kuichukua aya akaitumia bila ya ilmu, kisha mnyama akafa, atawafanya wajinga waitilie shaka aya, na makosa ni yake. Neno hili hili twalisema kwa wale wamfungiao mnyama hirizi shingoni, au wamnyweshao kombe, wakaacha dawa ijulikanayo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Basi dawa na itafutwe.

Insulini iligunduliwa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, na mwanadamu wa kwanza kutibiwa kwayo alidungwa mwezi wa Januari mwaka 1922. Kwa miaka mingi ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 ikauzwa ile inayotengenezwa na vijidudu katika maabara, na nyingi ya leo ni ya namna hiyo. Hata hivyo iko dawa ya wanyama itumikayo hadi leo inayotokana na nguruwe. Tuliulizwa hukumu yake. Rai yetu ni kuwa mwenye kuweza kuipata isiyo ya nguruwe asiiache, na kwa paka zipo nyingine zinazofaa, tena nzuri. Na asiyepata ila hiyo, naye mnyama yu katika khatari, twatumai hana dhambi, kwani ni dharura. Sindano ikishachomwa mkono uoshwe. Vidonge vya sukari vya bibi visiguswe kabisa kwa ajili ya paka bila ya amri ya daktari.

Liko na jambo la sindano zenyewe. Insulini ya wanadamu ina nyuzi 100 katika kila mililita, na sindano ziuzwazo katika maduka ya dawa ya Kericho ni za kipimo hicho. Baadhi ya insulini za wanyama zina nyuzi 40 tu katika mililita. Mwenye kutumia sindano ya moja kwa dawa ya nyingine atampa mgonjwa mara mbili u nusu ya kipimo chake, au chini ya nusu yake. Isomwe chupa, isomwe na sindano.

Wengi watauliza: sisi hatuna friji, dawa tutaiweka wapi? Chupa isiyofunguliwa haina budi kuwekwa katika baridi ya friji, na pengine jirani au mwenye duka la dawa aweza kukuwekea. Iliyofunguliwa, mtungi wa udongo wenye maji kidogo ndani yake na chupa ikiwa katika chombo kikavu husaidia, na hewa ya Kericho ni baridi kuliko ya Mombasa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Geneva pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza uchunguzi walioutegemeza juu ya joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa nchi yetu, wakaona kuwa insulini za wanadamu walizozijaribu zilibaki na nguvu yake kwa wiki nne hata joto lilipopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Uchunguzi huo ulifanywa kwa ajili ya watu, lakini maskini mwenye mgonjwa yeyote nyumbani apate kutulia kidogo. Isiwekwe juu ya dirisha lenye jua wala karibu na jiko.

Saa zake ni mbili kwa siku, kwa wengi wao, na baina yake saa kumi na mbili. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tumepewa neema katika jambo hili: jua letu huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. Basi mara jua litokapo, na mara baada ya sala ya Maghribi, paka alishwe, kisha adungwe. Katika Ramadhani nyumba hubadilisha saa zake za kula, lakini paka hakukalifishwa saumu. Asivutwe kwenye daku wala asicheleweshwe mpaka watu wamalize futari.

Mkojo, naam, ni najisi, ijapokuwa mate yake ni safi kwa Hadithi ya Abu Katada. Hili ni taabu ya kweli kwa mwenye kusali, wala hatuidharau. Awekewe beseni pana lenye mchanga au vumbi la mbao, na kwa mgonjwa kama huyu mabeseni mawili, libadilishwe kila siku. Msala uning'inizwe ukutani baada ya sala. Mahali palipokojolewa paoshwe kwa maji mpaka rangi, harufu na ladha ya najisi iondoke, kama tulivyofundishwa. Mambo haya ni kazi ya robo saa kwa siku, na vijana wa nyumba wana mikono.

Sasa tuje kwa yule atakayesema: nchi ina mayatima, ina watoto waliorudishwa nyumbani kwa karo, na nyinyi mwaandika kurasa kwa ajili ya paka! Twamjibu kuwa amesema kweli kwa nusu. Nafaka ya mtoto haiondolewi ikapewa paka, wala deni halikopwi kwa ajili ya insulini yake. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila uwezo wake. Asiyeweza kununua dawa, wala hapati wa kumsaidia, hana dhambi katika dawa. Lakini maji hayana bei, na kumwondolea ugali, maziwa na chai ya sukari hakumgharimu mtu kitu, bali humpunguzia. Wako paka ambao maradhi yao, yakiwahiwa kwa dawa na chakula kisicho na wanga, hutulia mpaka wakaachishwa sindano kabisa. Na mnene akikondeshwa pole pole, kwa usimamizi wa daktari, hupata nafuu kubwa. Basi kidogo kiwezekanacho kisiachwe kwa kuwa kikubwa hakiwezekani. Yule mtu aliyemnywesha mbwa kwa kiatu chake hakuwa na ndoo wala kamba, akashuka kisimani mwenyewe, akakitia kiatu kinywani akapanda nacho; na Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe.

Ama kumtia katika gunia na kumtupa katika mashamba ya chai, hilo halifai kabisa. Chini ya michai hapana riziki ya paka mzee ambaye miguu yake ya nyuma imelegea kwa maradhi mpaka akanyagia visigino. Atakufa kwa kiu pembeni ya mto. Na sheria ya serikali ya Kenya, Sura ya 360, ya kuzuia ukatili kwa wanyama, nayo yahesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa ni kosa. Asiyemweza kabisa na amtafutie mtu wa kumlea, au akaulize kwa daktari wa mifugo wa kaunti yake. Na ikiwa maradhi yameshinda, paka hali wala hanywi, yu katika mateso yasiyo na tumaini, wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana katika kumpumzisha kwa dawa; wako wanaokataza na wako wanaoruhusu ikiwa mjuzi ameshahakikisha. Lakini hapana hata mmoja aliyeruhusu kumzamisha mtoni au kumpiga rungu, kwani Mtume (s.a.w.) ameamrisha wema hata katika kuchinja.

Dalili za kukimbilia kwa daktari siku hiyo hiyo, bila ya kungoja soko wala Ijumaa, ni hizi: ameacha kula, anatapika, amelegea, na pumzi zake zina harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva mno. Njiani, akiwa na fahamu na aweza kumeza, awekewe maji karibu ya mdomo wake, na chombo kiinamishwe.